Miaka mitatu kabla ya kusajiliwa mhandisi: kwa mkandarasi, kwa mhandisi mshauri au kaunti?

Mhitimu wa Tudor

Assalamu alaikum. Nina shahada ya uhandisi wa ujenzi, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya imekwisha kuniandikisha kuwa mhandisi mhitimu. Nimepata nafasi mbili hapa Mombasa kwa wakati mmoja. Moja ni ya mkandarasi anayejenga maghala upande wa Miritini, ambaye mshahara wake ni mzuri. Ya pili ni ya ofisi ndogo ya mhandisi mshauri mjini, ambayo malipo yake hayafiki nusu ya hayo. Ami yangu naye ananisihi ningoje nafasi za kaunti. Ninalolitafuta ni kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na kwa kuwa usajili huo unadai angalau miaka mitatu ya kazi baada ya shahada, naomba mnieleze ni njia ipi itakayonifikisha bila kupoteza mwaka hata mmoja.

Bint Kisauni

Waalaikum salaam, kaka. Mimi nilianza kwa mkandarasi na sijutii. Mwezi wa kwanza nilikabidhiwa kupima ulaini wa zege kila gari lilipofika: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa fimbo, kisha koni inainuliwa taratibu na unapima zege limeshuka kiasi gani. Niliwahi kurudisha gari zima kwa sababu dereva alikuwa ameongeza maji njiani, na msimamizi aliniunga mkono mbele ya mafundi wote. Ujasiri wa namna hiyo haupatikani ofisini. Chukua nafasi ya Miritini.

Mhandisi wa Kilindini

Mwanangu, Bint Kisauni amesema kweli, lakini amesema nusu yake. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 haikuulizi ulifanya kazi wapi tu. Inakutaka uwe umeandikishwa kuwa mhandisi mhitimu, uwe na uzoefu uliowekwa, ufaulu tathmini ya kitaaluma ya Bodi, na uwe mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya. Katika tathmini hiyo unaeleza kazi uliyoifanya wewe mwenyewe na maamuzi uliyoyafikia, na mtu aliyetumia miaka mitatu akihesabu mifuko ya saruji na kuandika mahudhurio ya vibarua hana la kueleza, hata kama jengo alilolisimamia ni refu kuliko yote mjini.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu lilinipata. Kampuni niliyoanzia, ambayo sitaitaja, haikuwa na mhandisi aliyesajiliwa hata mmoja. Kitabu changu cha kumbukumbu za kazi kilijaa, lakini hapakuwa na mtu mwenye haki ya kukitia saini, na nilipohamia ofisi ya mhandisi mshauri nilianza kuhesabu upya.

Huko ndiko nilikojifunza kwa nini mchoro unasema unachosema. Mhandisi wangu alinipeleka kwenye ghala la zamani Shimanzi, akanionyesha nguzo iliyopasuka kwa urefu wake wote. Akagonga kwa nyundo ndogo, ganda la zege likaanguka, na nondo ndani ilikuwa imekuwa unga wa rangi ya kahawia. Zege lililofunika nondo ile halikufika hata milimita 20. Chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imepenya hadi kwenye chuma, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ililipasua zege kutoka ndani. Tangu siku hiyo sijachora nguzo ya jengo la pwani bila kuanza na swali la unene wa zege juu ya nondo.

Kwa hiyo ningechagua ofisi ndogo, kwa sharti moja: mwenye ofisi akubali kukupeleka mahali pa ujenzi mara kwa mara. Muulize pia nambari yake ya usajili, kisha uihakikishe katika orodha ya Bodi kabla ya kusema ndiyo.

Mkaazi wa Likoni

Kuhusu kaunti, ami yako ana nia njema. Mshahara ni wa uhakika, na utaona barabara, mifereji na majengo ya umma kwa wingi. Tatizo ni kungoja, kwa kuwa nafasi hazitangazwi kwa ratiba unayoijua, na miezi unayokaa nyumbani haiingii katika miaka mitatu.

Fundi Sanifu Changamwe

Nina stashahada. Je, njia hii yanihusu? Na binamu yangu ananishauri nitafute cheti cha Uingereza au cha Marekani.

Mhandisi wa Kilindini

Ndugu yangu, kwa stashahada njia yako ni ile ya Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016, yenye bodi yake, na ni njia yenye heshima. Ama vyeti vya ng'ambo, Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na kwa kawaida hudai mitihani miwili na miaka minne ya kazi; Uingereza cheo hutolewa na taasisi za kitaaluma. Vyote vina thamani kubwa, lakini hakuna kinachokuruhusu kutia saini mchoro wa jengo Mombasa bila usajili wa hapa. Walio karibu zaidi ni majirani, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi mwaka 2012.

Mhitimu wa Tudor

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa yule mhandisi mshauri nikamwuliza mambo yote mawili. Nambari yake alinipa bila kusita, na nimeiona katika orodha. Kisha akafungua kabati, akanionyesha michoro ya msaidizi wake wa awali, iliyojaa masahihisho ya kalamu nyekundu na saini yake chini ya kila ukurasa. Ameniahidi siku mbili kila juma kwenye jengo la shule Mtongwe, ambako wiki ijayo wanamwaga zege la msingi. Ninaanza Jumatatu.