Miti bilioni 15 ifikapo 2032: Kenya inahesabu kitu sahihi?

Nyika: Mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15, uliozinduliwa Desemba 2022, unataka eneo lenye miti lipande kutoka asilimia 12.13 hadi 30, kwa kurejesha hekta milioni 10.6. Gawanyeni hiyo miti bilioni 15 kwa hekta hizo: ni kama miti 1,400 kwa hekta, yaani mita 2.7 kati ya mti na mti. Huo ni msongamano wa shamba la mbao, na sehemu kubwa ya nchi ni kame. Ukiijaza mbuga miti hivyo, kivuli kinaua nyasi na mifugo inakosa malisho. Baringo bado wanapambana na mathenge, mti vamizi wenye miiba ulioletwa miaka ya 1980 kwa nia njema hiyo hiyo.

Kitalu: Ndugu Nyika, unahesabu kana kwamba kila mche utapona. Toa iliyoliwa na mbuzi na mchwa, na iliyokaushwa na kiangazi. Pia miembe na miparachichi ya mashambani inahesabiwa, si mbuga peke yake.

Mlilana: Basi tuambiwe iliyopona! Siku ya mapumziko ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, lengo lilikuwa miche milioni 100. Huku Pwani kinachopandwa ni mkoko, kwa sababu mbegu yake ndefu unaichomeka tu topeni, kitalu cha nini? Matokeo yake unachomekwa hata ufukweni penye mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa maji chumvi, na unang'oka. Au juu kwenye chumvi kali, ambako aina iitwayo mchu ndiyo inayovumilia. Mara nyingi dawa ni kuzibua mkondo wa maji ya bahari uliozibwa. Maji yakiingia na kutoka, mbegu zinakuja zenyewe, nawe unaziba mapengo tu.

Nyika: Bara nako kuna kisiki hai, njia ambayo Dodoma wanaijua vizuri. Tafuta kisiki kinachochipua, acha machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, funga kitambaa ili mchungaji akione. Rudia kila baada ya miezi michache. Mizizi tayari iko chini, kwa hiyo kiangazi hakiutishi kama mche wa mfukoni.

Kitalu: Kisiki hai kinafaa penye visiki. Palipolimwa hadi mizizi ikaisha, utapogoa nini? Hapo ni shimo la sentimita 60, samadi, matandazo na mtu wa kumwagilia misimu miwili. Gharama yake ni hiyo ya misimu miwili, na ndiyo isiyotengewa fungu. Fedha zinaishia kwenye mche na lori.

Mlilana: Haya, kwa hilo tumekubaliana. Wapandaji walipwe nusu ya fedha siku ya kupanda, na nusu mwaka wa tatu baada ya kuhesabu miti iliyo hai.

Kitalu: Na kikundi cha kina mama kinachopanda kitakula nini miaka hiyo mitatu?