Tupeane uzoefu: kununua vifaa vyako vya snokeli kabla ya likizo ya baharini

Furu wa Kirumba
Wakuu habari za jioni. Shemeji yenu kakomaa, Desemba tunaenda Mafia kuogelea na papa potwe. Kuna watu niliwasikia kwenye basi wakilalamikia vifaa vya kukodi, na mimi ule mrija wa kupumulia nikifikiria umeshapita midomo ya nani na nani, hamu inakata. Tunataka vya kwetu: miwani, mrija, mapezi ya miguuni. Mlionunua, mlichaguaje? Na yaliyowakuta huko majini semeni.

Dagaa Mkavu
Vya kukodi usiguse mkuu. Sina la kuongeza.

Mama Nyegezi
Umenitonesha kidonda. Mimi nimekulia Bwiru, maji siyaogopi. Mwaka ule tulienda Mnemba na wafanyakazi wenzangu, kwenye boti tukagaiwa miwani kutoka ndani ya kreti, unachukua inayokuja. Nimeruka, kabla sijaona hata samaki mmoja maji ya chumvi yamejaa hadi puani. Namwita yule kijana wa boti, ananiambia "vuta mkanda mama". Navuta. Inavuja zaidi! Navuta tena, kichwa kinauma kama kimefungwa kamba ya ng'ombe, na maji yanaingia vilevile. Wimbi likapita juu ya mrija, nikavuta pumzi, nikameza bahari. Nilimkamata dada wa uhasibu shingoni karibu nimzamishe. Wenzangu wanapiga kelele "kasa! kasa!", mimi nimeng'ang'ania ngazi ya boti natapika. Kasa mwenyewe mpaka leo namwona kwenye picha zao.

Baadaye baba mmoja mle botini akanieleza. Mkanda hauzuii maji kuingia, kazi yake ni kushika tu. Ukiukaza sana, ule mpira laini unaozunguka miwani unajikunja na maji yanapata njia. Na mimi nilikuwa na rasta, mbili tatu zilikuwa zimeingia chini ya mpira. Dukani fanya hivi: weka miwani usoni bila mkanda, nywele zote nyuma, vuta hewa kwa pua, achia mikono, inama. Ikibaki usoni ni yako. Ikianguka, hata wakuambie imetoka Italia, irudishe.

Kidevu Safi
Nakazia. Na wenye masharubu mnyoe, maji yanapita hapo hapo chini ya pua.

Mzee wa Igombe
Kunyoa ya nini, paka mafuta ya mgando inaziba kabisa.

Kidevu Safi
Mzee mafuta ya mgando yanakula mpira. Utanunua miwani kila likizo.

Abiria wa Kamanga
Mnajisumbua. Makoroboi pale kuna vile viwani vya kuogelea, bei ya soda kadhaa. Kioo ni kioo.

Mama Nyegezi
Vile havifuniki pua mwanangu. Ukishuka chini kidogo maji yanabana, hewa iliyo kwenye miwani inasinyaa, macho yanavutwa. Ukiwa na miwani inayofunika pua unapuliza kidogo puani, mambo yanakaa sawa. Na hivyo viwani utatoka navyo macho mekundu, shemeji adhani ulikuwa kilabuni.

Mgebuka Mtamu
Watu wa Mwanza na snokeli wapi na wapi? Mnajaribishia wapi, kwenye uji ule wa kijani? Njooni Kigoma, maji ya Tanganyika unaona samaki wa rangi zote, hata bahari huihitaji.

Abiria wa Kamanga
Tulia wewe mgebuka. Tuna kisiwa cha Saanane hapa mjini.

Binti Ukerewe
Saanane uangalie swala, siyo uzamie. Na wewe mleta uzi usijaribie vifaa ziwani ufukweni penye majani, kuna konokono wa kichocho. Jaribia bwawa la hoteli.

Mzee wa Igombe
Nimeoga humo tangu mdogo, kichocho sikijui.

Binti Ukerewe
Zile dawa tulizokuwa tunagaiwa shuleni kwa kupimwa urefu ulidhani peremende?

Fundi Pampu
Mmenikumbusha bro wangu Nansio. Propela ya injini ya mtumbwi ilidondoka majini, siyo kirefu sana. Jamaa akachukua mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja akaifunga kwenye dumu tupu ielee, nyingine mdomoni, jiwe mkononi. Kijiji kizima ufukweni. Akashuka. Dumu likacheza mara moja, likatulia. Mara jamaa huyo, kapasua maji, macho yametoka, anasema kuna mtu chini kamkalia kifuani!

Dagaa Mkavu
😂😂😂 Nimecheka hadi mtoto kaamka

Kidevu Safi
Msicheke, watu wanakufa hivyo. Ukishuka mita moja tu, maji yanakandamiza kifua na mapafu hayana nguvu ya kuvuta hewa ya juu. Halafu kwenye bomba refu, pumzi uliyotoa haifiki nje, unaivuta ileile. Ndiyo maana mrija wa dukani ni kama sentimita 40. Mrefu zaidi ya hapo uache.

Abiria wa Kamanga
Propela ilipatikana?

Fundi Pampu
Dogo mmoja alizama kwa pumzi yake tu akaitoa. Akadai buku tano.

Furu wa Kirumba
Wakuu turudi kwenye mada. Ile miwani ya uso mzima vipi? Na mke wangu haoni mbali.

Mzee wa Igombe
Chukua hiyo ya uso mzima, unapumua kwa pua kama uko sebuleni.

Kidevu Safi
Usichukue. Huwezi kubana pua masikio yakiuma, hewa uliyotoa inaweza kubaki humo ndani, na ukipaliwa kuivua ni shughuli. Ya mke, tafuta miwani inayokubali kubadilishwa lenzi, zipo lenzi zenye namba za macho. Mpira uwe silikoni, kioo kiwe kioo kweli. Ikiwa mpya sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno, la sivyo ukungu utakusumbua. Ikiwa ya plastiki usisugue, itachubuka.

Mama Nyegezi
Na mvae fulana za mikono mirefu. Jua linakuchoma mgongo wewe uko bize na samaki.

Mgebuka Mtamu
Bado nasubiri mtu wa Mwanza aniambie aliona nini chini ya maji yao.

Binti Ukerewe
Mkono wangu. Siku nyingine hata huo siuoni.