Naomba ushauri: mshahara mzuri, ila kazi hainikai moyoni

Wakuu, salaam. Mimi ni afisa mikopo kwenye kampuni ya mikopo midogo hapa Dar, zile ambazo mtaani zinaitwa kausha damu. Mshahara unaingia kwa wakati, kamisheni ipo, bosi hana neno nami. Raha ya kazi ndiyo sina.

Leseni tunayo, na ukomo wa riba wa Benki Kuu, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwenye karatasi tunaufuata. Kilichopungua kinarudi kama ada ya fomu na faini ya kuchelewa. Mama ntilie akikwama marejesho, sisi ndio tunaokwenda kubeba friji, wanawe wanatazama. Mimi nimelelewa na bibi muuza vitumbua. Nikisifiwa kikaoni kwa makusanyo, najua yametoka wapi.

Wenzangu wanasema kazi ni kazi, maadili yaache nyumbani. Labda wao wanaweza.

Sasa kuna SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu inatafuta mtu. Huko mwanachama ndiye mwenye chombo, ziada ikipatikana ni yao. Mshahara ni kama nusu ya huu, na nina kodi ya nyumba, ada za watoto, na mama kijijini. Mke wangu anasema nisubiri kwanza.

Waliowahi kuhama kwa sababu ya namna hii, ile amani mliipata kweli au dhiki iliimeza? Na je, inawezekana nikabaki hapa nikafanya kazi kwa utu bila kufukuzwa? Wa matusi piteni kando.