Tupeane uzoefu: X-Trail, Harrier, CX-5 au Forester kwa barabara za Nakuru, Kisumu na magharibi

MwanaNyalenda
Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa wanaotafuta SUV ya ukubwa wa kati: ibebe watu watano na mizigo yao kutoka Nakuru hadi Kakamega bila kukwaruza tumbo kwenye kila tuta, na bei yake isifike ya Prado. Iwe ya kuagiza Japani, ya yadi, ya mkononi au mpya kabisa, zote ni sawa hapa. Ombi langu ni moja: hatutaki "Toyota ni Toyota" wala picha za rimu. Andika giaboksi gani, kinachoharibika, kwa nini, na namna ya kukigundua kabla pesa haijatoka.

Naanza na kodi za chesisi, zile herufi na tarakimu zinazosema gari ni aina gani hasa, kwa sababu wengi husoma bei kwanza. ZSU60 ni Harrier ya petroli lita 2.0 isiyo na fo-wili, ZSU65 ni hiyo hiyo yenye fo-wili, AVU65 ni haibridi. T32 ni X-Trail ya magurudumu mawili, NT32 ni fo-wili, na ukiona H mbele (HT32, HNT32) jua ni haibridi. Kwa CX-5 ya zamani KEE ni petroli 2.0, KE5 ni petroli 2.5, KE2 ni dizeli. Kwa mpya zake ni KFE, KF5 na KF2. Forester SJ5 haina tabo, SJG inayo. Broka akikuambia "zote ni moja", mwombe akusomee kibao cha chesisi kwa sauti.

FundiShabab
Nitakaa kwenye X-Trail T32, maana ndiyo inayoletwa gereji mara nyingi kuliko nyingine na maswali huwa yale yale.

Injini ya MR20DD haina neno kubwa. Petroli yake huingia moja kwa moja chumbani badala ya kupitia nyuma ya vali, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na masizi hujijenga. Dalili ni kutetemeka asubuhi injini ikiwa baridi na kuchelewa kuitika ukikanyaga. Inasafishwa, inaisha. Usikatae gari kwa hilo. Omba bei ishuke.

Kesi kubwa ni giaboksi yake, aina ya CVT. Ndani yake hakuna gia za kuhesabu. Kuna ukanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa presha ya oili. Oili ikichoka au ikichemka, presha haitoshi, ukanda unateleza, unakwaruza uso wa puli, na hapo hakuna oili mpya itakayoponya chuma kilichokwaruzika. Ndiyo maana gari linaweza kuwa tamu mjini likakufia kwenye kilima cha kupanda Mau Summit likiwa na watu watano: kompyuta ikiona joto limezidi hupunguza nguvu ili kujilinda. Unakanyaga, halina habari.

Kulipima: fika kabla halijawashwa, uguse boneti kuhakikisha ni baridi. Endesha polepole kati ya 20 na 60 km/h, mguu ukiwa mwepesi. Mtetemo kama unapita juu ya mistari ya lami, huku lami ni laini, ni dalili mbaya. Kisha liendeshe angalau nusu saa, ulipandishe mlima. Likiwa na joto hilo, simama kwenye mteremko, weka rivasi na upande kinyumenyume. Giaboksi iliyochoka itasita au itapiga kishindo. Kwa hivyo kulizungusha yadi mara mbili hakutoshi. Muuzaji akikataa usitoke nalo barabarani, umeshapata jibu lako.

Oili ya giaboksi hiyo ni ile iitwayo NS-3 peke yake, si ile ya kawaida ya otomatiki. Kwa vilima vyetu ibadilishe kila kilomita 40,000, hata kama muuzaji anaapa ni ya maisha. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, hutoka kama nusu ya jumla na zaidi kidogo. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, endesha siku chache, rudia. Sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) ikifunguliwa tazama sumaku iliyo ndani: matope laini ya kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida.

Haibridi ya T32 ina mota moja na klachi mbili. Kama mjini kwako hakuna fundi anayeijua, iache.

Omera_Kondele
FundiShabab, kweli tupu, lakini watu wasifikiri CVT zote ni kifo. Harrier ya lita 2.0 nayo ni CVT (oili yake huitwa FE) na ikitunzwa hudumu vizuri. Shida yake ni uvivu. Nguvu farasi 151 zinavuta gari la tani moja na nusu na zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Hapo robo ya farasi wamebaki Kisumu wakinywa maji ziwani. Anayekwenda Eldoret kila wiki na familia atafute ile ya tabo, ASU60 au ASU65, iliyotoka kuanzia 2017. Ina giaboksi ya gia sita za kawaida, si CVT. Sharti oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, tabo haipendi ubahili.

Haibridi (AVU65): betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia matundu yaliyo mbele ya kiti hicho, chini. Sasa tazama watu wanavyobeba: gunia la omena, mikoba, begi la mtoto, vyote vimeziba matundu, na jua la Kisumu liko nje. Kabla ya kununua, toa kichujio cha matundu hayo ukione. Kikiwa kimejaa vumbi na nywele, betri imeishi kwenye joto. Kisha mwenye mashine ya kusoma kompyuta afungue ukurasa wa betri, akutazamishe volti za kila fungu wakati gari linapanda. Zinapaswa kwenda pamoja. Fungu moja likianguka mbali na wenzake, betri inaelekea kufa hata kama taa ya dashibodi haijawaka.

Mulembe254
Mulembe! CX-5 ya dizeli mnaionaje? Bei yake mnadani inavutia sana kuliko petroli.

DizeliNiDizeli
Bei hiyo isikudanganye, ndugu yangu.

Ile 2.2 ina kichujio cha masizi, DPF. Kikijaa, kompyuta hurusha dizeli ya ziada ili kukichoma, na kazi hiyo inahitaji mwendo wa barabara kuu, dakika 15 hadi 20 bila kukatizwa. Mtu wa Milimani hadi mjini Kisumu na kurudi hafikishi joto hilo. Kazi inakatika katikati, dizeli ile ya ziada inateremka kwenye oili ya injini. Matokeo: kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Chomoa dipstiki, utaona alama ya X juu ya ile ya kiwango cha juu. Oili ikikaribia X, inanuka dizeli na ni nyepesi kama maji, ondoka. Oili hiyo hailindi beringi wala tabo.

Pili, uliza mashine inasema DPF inajichoma kila baada ya kilomita ngapi. Ikiwa ni chini ya 100, ama kichujio kimekwisha ama nozeli zinavuja. Wapo watakaokuambia "tutaitoboa tu". Wakitoboa bila kupanga upya kompyuta, taa haizimiki. Wakitoboa na kupanga, umenunua moshi.

Petroli, KEE au KFE, ndiyo ya kununua kwa macho mawili tu. Giaboksi ni ya gia sita za kawaida. Kumbuka KE ilipisha KF mwanzoni mwa 2017, kwa hiyo KE sasa ni ya mkononi tu. Kwa sheria inayokataza kuagiza gari lililozidi miaka minane, haiingii tena nchini.

ChamgeiLondiani
Forester haijapata wakili, acha niseme. Tumbo lake liko milimita 220 kutoka ardhini, na hakuna katika hizi nne inayoipita kwa barabara ya matope. Lakini ina masharti kuhusu tairi. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kwa hiyo tairi moja ikiwa ndogo kuliko wenzake, klachi ya kugawa nguvu inafanya kazi hata kwenye lami kavu mpaka inaungua. Pima kina cha meno kwa tairi zote. Tofauti ikizidi kama milimita 2, shuku. Kununua tairi mbili mbili kwa sababu ya mfuko hakufai hapa, ni nne au subiri.

Kipimo: uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Gari likijivuta na kugotagota, klachi hiyo imekamata. Pia uliza oili: injini zake za mwanzo za aina ya FB zilikunywa oili. Dipstiki kila kilomita 1,000, si kungoja taa. Na usishangae fundi akitoza zaidi kubadilisha plagi. Injini imelala, plagi ziko ubavuni, mkono haupiti kirahisi.

Omera_Kondele
Na fo-wili si lazima kwa kila mtu. Murramu ya Bungoma inapitika kwa magurudumu mawili na tairi nzuri. Udongo mweusi wa Kano mvua ikinyesha, hata fo-wili yenye tairi za lami itacheza. Fo-wili ni propela, difu ya nyuma na oili yake, na mafuta kidogo zaidi kila siku ya maisha yako.

Mkaguzi_Ahero
Kwa kuwa Kano imetajwa: kuna magari ya huku yaliyozama kwenye mafuriko, yakaoshwa, yakapelekwa yadi za mbali. Marashi makali ndani ya gari yanitia shaka kuliko harufu ya mbwa. Inua zulia la dereva, ubonyeze sifongo la chini. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, tope hujificha hapo. Tazama reli za viti kama zina kutu, na shimo la tairi la spea kama lina mchanga laini pembeni.

Ujanja mwingine: taa ya injini imefutwa asubuhi kabla hujafika. Mashine ya kusoma ina ukurasa wa vipimo vya kujikagua. Kama vingi vinasema havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Rudi baada ya siku mbili gari likiwa limetembea.

Kwa gari la Japani, karatasi ya mnada: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyokandwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja R au RA maana yake lilishagonga likatengenezwa. Kilomita za karatasi zilinganishe na dashibodi. Tairi nazo husema: tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari la "kilomita 35,000" lenye tairi za seti ya tatu linahitaji maelezo.

HesabuKwanza
Mnaoagiza, fanyeni hesabu ya ushuru kabla ya kupenda rangi. Thamani ya kuanzia ni ya KRA, si uliyolipa Japani. Chukulia KRA imelikadiria gari kuwa la shilingi 1,000,000, petroli lita 2.0. Ushuru wa forodha asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 25 hupigwa juu ya jumla hiyo, yaani 337,500. VAT asilimia 16 juu ya vyote, 270,000. Ada ya tamko la kuingiza bidhaa (IDF) asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2 ni 45,000. Jumla 1,002,500. Serikali imenunua gari la pili. Lita 2.5 ya petroli iko kapu lile lile la asilimia 25. Nafuu ya asilimia 20 ni kwa injini isiyozidi cc 1500. Miaka minane huhesabiwa kwa usajili wa kwanza, na usajili huo usiwe umepitisha zaidi ya mwaka mmoja tangu gari kutengenezwa.

Mpya ya dukani: kipya kinyemi, lakini uliza kwa maandishi waranti ni ya miaka na kilomita ngapi, na kama gereji yao iliyoidhinishwa iko Nakuru au Kisumu. Kupeleka gari Nairobi kila sevisi huchosha, na sevisi moja ikirukwa waranti inaweza kuyeyuka.

MwanaNyalenda
Asanteni. Mulembe254 kaniuliza pembeni kuhusu malipo ya gari la mkononi.

Mkaguzi_Ahero
Fungua akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, lipia msako wa namba ya gari, uone jina la mwenye gari. Jina la benki au la mkopeshaji likiwemo, mkopo haujaisha. Malipo yaende kwa mkopeshaji moja kwa moja, upewe barua ya kumaliza deni. Anayeuza lazima awe mwenye jina, si shemeji yake. Yeye ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Kaeni pamoja, afanye hatua yake mbele yako, nawe ukubali, ndipo benki itume pesa. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Na hayo yote yafuate baada ya gari kupandishwa kwenye shimo la fundi mliyemchagua nyinyi, si wa muuzaji.