Rondo, misitu ya vijiji Kilwa au mikoko ya Mnazi Bay: watu 11, siku tatu, twende wapi?

MamaKikoba_Shangani

Wakuu, habari za saa hizi. Kikoba chetu kimegoma kwenda tena kulala hotelini ufukweni na kula pilau. Mwaka huu wanataka msitu wa kweli, na mtu wa kutuongoza anayejua anachokisema, siyo kupiga picha na kurudi.

Tupo 11. Mkubwa wetu, Mzee wa hesabu, ana miaka 63 na goti moja bovu. Tunatoka Mtwara mjini mwisho wa Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza, maana wanne kati yetu wana mikorosho na wakishasikia mnada huwapati tena. Bajeti ni laki mbili kwa kichwa, usafiri humohumo. Nimebaki na njia tatu: hifadhi ya Rondo kule Lindi, misitu ya vijiji ya Kilwa yenye mpingo, au mikoko ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma hapa kwetu. Aliyefika asinifiche kitu.

Mpanda_Rondo

Dada, mimi kura yangu Rondo, nimepanda mara tatu. Ni uwanda wa juu, mita zinazokaribia 900, asubuhi unavaa sweta ukiwa mkoa wa Lindi, jambo ambalo ukimwambia mtu wa mjini anacheka. Serikali imeupa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Usiende kienyeji: unaandika barua au unapiga simu ofisini kwao, unapewa kontroo namba, unalipa, ndipo unapangiwa ofisa na mtu wa kijijini wa kuwatembeza.

Kinachokupeleka ni komba. Kuna komba mdogo aliyepewa jina la huo uwanda, uzito wake kama gramu 60, yaani mayai mawili ya kuku wa kienyeji yanaweza kumzidi. Wataalamu walimtambua kama aina ya peke yake miaka ya 1990, na sauti yake ilisaidia sana kumtenga na ndugu zake. Aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya dunia ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini kuliko wote. Mchana humwoni. Mnaingia baada ya isha, mnazima kila kitu, mnakaa. Mzee aliyetuongoza alikuwa amefunga nailoni nyekundu kwenye tochi. Tulikaa hadi miguu ikafa ganzi, mara akanigusa bega na kuonyesha kwa kidevu. Macho mawili ya rangi ya kaa la moto, yakaruka mti hadi mti bila jani kutikisika. Kisha mkia: mwekundu, umetimka kama brashi ya kuoshea chupa za mtoto. Sekunde nne hivi. Nimelipa hela nyingi kuona simba aliyelala, sijasimulia kama ninavyosimulia hizo sekunde nne.

Sina_Bahati_Lindi

Naongezea onyo. Sisi tulipita kwa wakala mmoja wa mjini, simtaji. Alituchukulia hela ya "ziara ya msitu wa asili Rondo", akatushusha kwenye mitiki iliyopandwa kwa mistari kama mahindi. Tukazunguka saa mbili tukisifia. Rondo kuna shamba la miti ya kupandwa na kuna msitu wa asili, ni vitu viwili. Kule juu mvule ulikatwa sana baada ya vita ya pili ya dunia, msitu ukabaki vipande vipande na sehemu nyingine zikapandwa upya. Ukiona miti imepanga foleni, muulize mwenyeji wako umelipia nini.

Fundi_Mpingo

Wakuu mnaisahau Kilwa. Rondo mnaenda kuangalia, Kilwa mnaenda kuelewa. Vijiji kama Kikole vina msitu wao wenyewe kisheria, tangu Sheria ya Misitu ya 2002 iwape nguvu hiyo. Kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo inayopima, ndiyo inayoamua mti upi ukatwe na upi uachwe, na hela inaingia kijijini. Mwaka 2009 misitu ya huko ilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa msaada wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake Kilwa. Kabla ya hapo gogo lilikuwa linaondoka usiku na mwenye ardhi anapewa hela ya chumvi.

Mwombe mgambo wa msitu awaonyeshe kisiki cha mpingo. Pembeni rangi ya maziwa, katikati nyeusi tititi, na mara nyingi una tundu, ndiyo maana gogo zima ni bahati. Huo weusi ndio unaotengeneza klarineti na obo huko Ulaya. Mjukuu wako ndiye atakayevuna mche unaouona leo.

Mpanda_Rondo

Mkuu hayo yote kweli, lakini mwisho wa Septemba? Miombo imepukutika, chini pamechomwa moto, jua la utosi, na mbung'o. Watu wa kikoba watamrudia huyu dada na madai.

Fundi_Mpingo

Mbung'o sikatai, vaeni nguo nzito kidogo za rangi ya kaki, ziacheni za bluu na nyeusi nyumbani. Ila moto mwingine unachomwa makusudi, mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili ule mkali wa Septemba ukifika usikute cha kula. Na Septemba ndiyo miombo inaanza kutoa majani mapya mekundu, msitu mzima kama unaumwa surua. Mwenye macho ataona. Ninachokubali ni umbali: Mtwara hadi Lindi, Lindi hadi Nangurukuru, kisha ndani. Siku moja kwenda, moja kurudi, ya msitu inabaki moja. Kwa siku tatu si haki.

Nahodha_Msimbati

Nasoma naona mikoko mmeiweka kama kachumbari. Eneo la hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay ni kilomita za mraba 650, imetangazwa mwaka 2000, na mikoko ya mdomo wa Ruvuma ni msitu kamili. Ingia na mtu anayeijua miti kwa majina: mkoko wenye miguu kama buibui, mchu unaochomoa pumzi zake juu ya tope kama misumari, mkandaa, mlilana unaokaa mbele kabisa baharini, mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira wa miguu wa mtoto. Kila mmoja ana mahali pake kufuatana na chumvi na maji.

Ila dada, siku usiichague kwa kalenda ya ofisini, chagua kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, hujaa alfajiri na tena alasiri, saa nne asubuhi yamekupwa yote. Nimeona wageni wameshuka saa tatu na nusu na vikapu vya chakula, wakakaa kwenye tope hadi adhuhuri wakifukuza kaa. Ingieni alasiri maji yakipanda. Upande wa mtoni kuna viboko na mamba, kwa hiyo mtu asioshe miguu. Maboya ya kuvaa yahesabiwe kabla ya kupanda boti, watu 11 maboya 11.

Ming'oko_Forever

Mkipita Lindi nunueni ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha barabarani. Hicho nacho ni kitu cha msituni. Nimemaliza.

Bi_Rutamba

Wanangu, mbona hakuna aliyeutaja Litipo? Uko Rutamba, karibu na ziwa Lutamba, Lindi hapahapa. Ni mdogo na mashamba yameusogelea, sisemi uongo, lakini tambarare, goti la huyo mzee halitalia. Na komba huyohuyo wa Rondo anapatikana Litipo pia. Vibali ni TFS vilevile. Bebeni vyandarua, ziwa lina mbu wake.

Na mkiwa upande ule mkumbuke Tendaguru. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na babu zetu vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake ni zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina linalostahili kutajwa mkipumzika chini ya mti.

MamaKikoba_Shangani

Shikamoo Bi Rutamba, umenitua mzigo. Nimeangalia mwezi: wikiendi ya mwezi mwandamo usiku ni giza, kwa hiyo komba, na bahari ni bamvua, kwa hiyo alasiri ya Nahodha. Siku ya kwanza na usiku wake Litipo, ya pili tunarudi Mtwara, ya tatu mikoko. Kilwa tutaifanyia mchango wake mwakani, Fundi usinune. Barua ya TFS naipeleka Jumatatu.

Mzee wa hesabu nimemsomea habari za komba. Ameuliza swali moja tu: anaruhusiwa kuja na kiti chake cha plastiki?

Mpanda_Rondo

Kiti ruksa. Akishakaa asikiburute.