Mada ya wiki: kivuli

Swali: Nimejiwekea mada ya kivuli kwa wiki nzima, lakini siku ya tatu tu nimejikuta nikipiga picha zilezile za miguu ya viti. Je, nibadilishe mada?

Jibu la kwanza: Usiibadilishe, kwani jicho huanza kutafuta kwa dhati pale yaliyo wazi yanapokwisha. Mwaka 1930 Edward Weston, mpiga picha Mmarekani, alipiga picha ya pilipili hoho akiwa ameiweka ndani ya faneli ya bati, na mwanga ulioakisiwa humo ukalifanya umbo lake lifanane na mwili wa binadamu. Naye alikuwa amekwisha kupiga pilipili nyingine nyingi kabla ya hiyo.

Jibu la pili: Jaribu asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu vivuli hurefuka na hata kijiko hupata sura mpya.

Muulizaji: Nashukuru sana. Kesho nitaanza na kijiko.