Vinywele vyeusi kwenye kotonii: tope au kitu kinachoota?

BintiJambiani: Assalamu alaykum. Nina kamba ishirini za mwani wa kotonii hapa Jambiani. Bamvua lililopita, maji yalipokuwa yakipwa sana, niliona vidoa vyeusi kwenye matawi, kama ufuta. Nikadhani tope. Bamvua hili kila kidoa kimetoa kinywele cha rangi ya damu iliyoganda, kifupi kuliko ukucha. Nimesugua mpaka vidole vinauma. Vinywele vimekatika, lakini tawi bado lina vipele kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Ni nini hiki?

KijanaWaHadubini: Wa alaykum salaam dada. Si tope, huo nao ni mwani, tena mwekundu kama kotonii yenyewe. Ni ukoo wa polisifonia. Uliosumbua sana mashamba ya Malaysia na Ufilipino ni Melanothamnus apiculatus, zamani ukiitwa Neosiphonia. Niliwahi kukata kipande cha tawi la namna hiyo, chembamba kama karatasi, nikakitazama kwa hadubini. Kinywele kina pingili kama muwa, na kila pingili ina seli moja katikati, nne zimeizunguka. Chini kuna kijimzizi kilichotoboa ganda la kotonii na kuingia nyamani. Ukisugua unakata juu, mguu unabaki. Kipele unachopapasa ni ganda lililovimba kuuzunguka mguu huo.

BintiJambiani: Kumbe unakula kotonii yangu!

KijanaWaHadubini: Hauli. Unajipikia wenyewe kwa jua, unachotaka ni pa kushika. Hasara ni kivuli, na vile vidonda vinavyopitisha bakteria.

BiMkubwa_Paje: Mwanangu, acha kusugua. Mie nimeanza mwani mwaka 1990, tukiwa bado tunachekwa na waume zetu. Kamba zilizoshika zivune sasa hivi ukaanike, hata kama hazijakomaa, na usichukue mbegu humo hata kitawi. Wala usiyatupe matawi hayo palepale majini. Chembe za uzazi za vinywele hivyo hazina mkia wa kuogelea, maji ndiyo yanayozibeba mpaka kwa jirani. Halafu tazama shamba lako limekaa wapi. Langu lilikuwa dimbwini, maji yakipwa yanasimama na kupata moto kama chai. Nilipohamia karibu na mlango wa maji, yanakokimbia, vinywele vikapungua. Havikwisha, vikapungua.

BintiJambiani: Shukrani bi mkubwa. Kamba sita za upande wa dimbwi ndizo zilizoshika zaidi, sikuwahi kulifikiria hilo. Kesho maji yanapwa saa nne, nakwenda na magunia.